Macho ya Karibu

Mwaka ambao sukari ilianza kupatikana tena kwa wingi madukani Songea, bila foleni na bila kumjua meneja wa duka, ndio mwaka ambao Theodosia alivua miwani yake na kuitupa kwenye droo ya cherehani. Alikuwa amevuka hamsini. Kwa miaka kadhaa alikuwa hawezi kutunga uzi kwenye sindano bila vioo vile puani, na ghafla akaweza.

Ilitokea asubuhi moja alipoisahau miwani nyumbani Mfaranyaki. Alifika kwenye baraza lake, lililokuwa mbele ya duka la vitambaa karibu na soko kuu, akajipapasa, akasonya. Badala ya kurudi, alilamba ncha ya uzi, akaisogeza sindano karibu na pua na kujaribu kwa ubishi tu. Uzi ukapita. Akauchomoa, akautia tena, ukapita tena. Aliinua kola aliyokuwa akiidarizi, akaziona nyuzi za kitambaa moja moja kama alivyokuwa akiziona akiwa msichana. Alicheka peke yake mpaka muuza vitambaa akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Ili uelewe furaha ile, lazima ujue mitumba ilikuwa imewafanya nini mafundi wa mji ule. Marobota yalishuka sokoni kila wiki, na mtu aliyekuwa akishonesha suruali moja kwa mwaka sasa alinunua tatu zilizokwisha kuvaliwa Ulaya. Mafundi wengi waliuza vyerehani vyao wakarudi shambani. Theodosia alibaki kwa sababu alishona kile ambacho robota halikuweza kuleta: magauni ya komunyo ya kwanza, kasula za mapadre, vitambaa vya altare, vyote vikiwa na maua madogo ya uzi yaliyodariziwa kwa mkono. Mume wake, Rupert, alikuwa karani wa chama cha ushirika mpaka ushirika ulipopunguza watu, na yeye akawa wa kwanza kupunguzwa. Binti yao Jane alikuwa ameolewa Mbeya, tena kwa mtu asiye na kitu. Kwa hiyo nyumba ile ilikula kwa macho ya Theodosia, na kila mmoja ndani yake alilijua hilo.

Kuona mbali ndiko kulikofifia kidogo. Mtu aliyempungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara alimwona kama kivuli, asijue ni nani, na watu wakaanza kusema mama yule anaringa siku hizi. Yeye alilaumu moshi, maana ilikuwa miezi ya kuchoma mashamba. Moshi ulipokwisha akalaumu vumbi. Tena alikuwa na kiu isiyoisha, akinywa togwa kibuyu kizima kabla ya saa sita, na mwili ulimpungua mpaka wanawake wenzake wakamsifia kiuno. Sisi watu bwana! Mtu anakauka mbele ya macho yetu, nasi tunamwomba atuambie siri ya kupendeza.

Kwenye jumuiya ndogo ndogo, siku walipokutana kwake kusali rozari, Theodosia alisimama akatoa ushuhuda. Alisema Mungu amemrudishia macho kwa kuwa alimshonea nguo za altare miaka yote bila kunung'unika. Watu walipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa mdogo wake, Pankrasi, katekista wa Mshangano, aliyekuja siku hiyo na baiskeli kumletea dada yake mahindi mabichi. Pankrasi naye alisoma masomo ya Jumapili kwa miwani iliyofungwa kwa uzi pembeni, na alimwangalia dada yake kwa wivu ule usio na ubaya.

Kisha kaa la moto likamdondokea mguuni kutoka kwenye pasi. Kidonda kidogo, cha kupaka mafuta na kusahau, lakini kilikataa kupona. Kikachimba. Wakati huohuo Rupert aliona sisimizi wakijipanga kule bafuni mke wake alikokuwa akijisaidia, na Rupert, ambaye aliwahi kumwuguza mama yake mzazi, alijua maana ya sisimizi wale. Alimpandisha kwenye baiskeli, akamsukuma mpaka hospitali.

Huko walichukua mkojo wake, wakauchemsha pamoja na dawa ya rangi ya bluu, na bluu ile ikageuka mbele yake ikawa rangi ya tofali. Tabibu aliyeitwa Aidan, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alimwambia ana ugonjwa wa sukari.

"Mimi?" Theodosia alicheka. "Mwanangu, miaka ile yote sukari hatukuiona hata kwa dawa. Nimeipatia wapi?"

"Ni ya kwenye damu, mama. Mara nyingi ni ya ukoo. Utakunywa vidonge hivi kila asubuhi, maisha yako yote. Togwa uache, soda uache, ugali upunguze. Ukiiachia sukari ipande, itakuharibia figo, miguu na macho."

"Macho yangu ni mazima. Ndiyo kwanza yamerudi."

Aidan aliandika dawa. Nje ya mlango watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, na hakusikia, au alisikia akadhani ni maneno ya mama mcheshi. Lau angeuliza yamerudi vipi, pengine kisa hiki kisingekuwepo.

Vidonge vilifanya kazi yake. Kiu ilikwisha, kidonda kilifunga, akaanza kulala hadi asubuhi. Rupert alifurahi hata akaacha kutia sukari kwenye chai yake mwenyewe, akisema hawezi kunywa tamu mbele ya mke anayekunywa chungu. Ila kwenye baraza mambo yaliharibika. Tundu la sindano lilianza kutoweka. Theodosia alilamba uzi, akausogeza, ukapita pembeni. Akaisogeza sindano karibu zaidi, ikageuka ukungu. Alifungua droo, akarudia miwani yake ya zamani, nayo haikutosha. Alimshonea mtoto mmoja gauni la komunyo, akalipeleka kwa kujikaza, na siku ya pili mama wa mtoto akalirudisha. Maua ya kola yalikuwa yamepanda upande mmoja kama yaliyodariziwa kwenye basi linalokwenda.

"Mama Jane, sikulaumu," alisema yule mwanamke kwa upole. "Labda umechoka."

Upole ule ulimuumiza kuliko matusi. Alilifumua lile gauni usiku na mchana, akalishona upya kwa kupapasa, na akalia juu yake.

Sasa, usimwite mjinga. Fundi mzuri hakati kitambaa kabla ya kupima, naye Theodosia alipima. Aliacha vidonge bila kumwambia mtu. Kabla ya mwezi kwisha, tundu la sindano lilirudi likiwa wazi kabisa. Akavianza tena, kwa makusudi, ili asije akavisingizia. Tundu likapotea. Akaviacha mara ya pili. Likarudi. Nani kati yetu angehitaji ushahidi zaidi ya huo? Tabibu alisema sukari huharibu macho, lakini tabibu hakuwahi kukaa mbele ya sindano ya Theodosia. Akakata shauri kwamba dawa ile, kwake yeye, ni sumu ya macho, na kwamba kiu na kukonda ni mzigo anaoweza kuubeba mradi mikono iendelee kufanya kazi.

Rupert ndiye aliyebaki kuwa kikwazo. Kila asubuhi alimletea kidonge kwenye kisahani pamoja na kikombe cha maji, akasimama mbele yake kama padre anayegawa komunyo. Theodosia alikiweka chini ya ulimi, akameza maji, akatabasamu. Rupert akigeuka, alikitema kwenye kapu la vipande vya vitambaa. Alimpenda sana mume wake nyakati hizo, na aliona aibu, na aliendelea.

Ni mtu mmoja tu ambaye Theodosia alimwambia ukweli. Pankrasi naye alianza kuugua. Magonjwa ya ukoo hayana ubaguzi. Alikuja barazani siku moja, amenyong'onyea, ameshika pakiti ya vidonge vilevile.

"Dada, na mimi wamenikuta nayo."

Theodosia alitazama huku na huku, akainama kama anayempima mabega.

"Nikwambie kitu, Pankrasi, lakini Rupert asijue. Ukianza kumeza hivyo, maandishi yatakukimbia. Mimi nimejaribu mara mbili. Ukiviacha, macho yanarudi. Wewe ni mtu wa kusoma. Angalia mwenyewe utakavyofanya."

Pankrasi alikuwa mwoga wa kufa. Alivitia vidonge mfukoni, akasema atavimeza kwanza, ataona. Waliagana, kila mtu akarudi kwenye kazi yake, na hawakulizungumza tena.

Ikapita miaka. Soda zikajaa mjini, na huko Tunduru watu wakaanza kuokota mawe ya thamani mitoni. Wake wa watu wa mawe walikuja Songea kushonesha. Mwamvua alikuwa mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni, aliyesafiri na basi kutwa nzima kwa ajili ya kola za Theodosia. Alitaka gauni la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, jeupe, lenye darizi kuanzia shingoni hadi kiunoni. Theodosia alilishona kwa macho ya karibu ambayo hayakuwahi kuwa makali kama wakati ule. Aliona kila uzi. Alijiona ameushinda ugonjwa na waganga wake.

Mwamvua alikuja kujaribisha gauni saa nne ya asubuhi, jua likiwa limejaa barazani. Theodosia alipiga magoti kurekebisha pindo, akaona uzi mweusi umeangukia kitambaa. Akaufuta. Haukutoka. Akaufuta tena, ukasogea pamoja na jicho lake.

"Mama, mbona unafuta pasipo na kitu?" aliuliza Mwamvua.

"Kuna uzi hapa."

"Wallahi hakuna uzi. Nguo safi."

Kisha nyuzi zikawa nyingi, kama utando wa buibui uliokatwa, zikishuka taratibu ndani ya jicho la kulia. Nyuma yake likaja wingu jekundu. Theodosia alishika gauni lile kwa mikono miwili, akalisogeza karibu na uso, karibu zaidi, na weupe wake wote ukazama.

"Subhanallah! Mama! Niite nani?"

"Mwite Baba Jane," alisema Theodosia. "Mwambie sioni."

Jicho la kushoto lilingoja majuma machache, likafuata.

Alikuwapo hospitalini wakati huo daktari wa macho, mzee aliyezunguka mikoani, ambaye hakupenda maneno mengi. Alimulika taa yake ndani ya jicho la kwanza, halafu la pili, akaizima.

"Mishipa ya nyuma imepasuka, damu imemwagika ndani. Wavu unaoshika picha umeanza kuvutwa. Mama, ulikuwa unameza dawa?"

"Anameza," alijibu Rupert haraka. "Kila asubuhi nampa mwenyewe, kwa mkono wangu."

Daktari alingoja. Ndipo Theodosia akaeleza yote, uso ameugeuzia ukuta, kuhusu sindano, miwani, kuacha na kurudia. Alieleza kwa mpangilio mzuri, kama fundi anayetetea kazi yake, na sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa bado inatumaini kwamba daktari atasema kweli, mama, dawa zile zilikuwa mbaya.

Daktari alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Hukuona vibaya, mama. Ndani ya jicho kuna kioo chake. Sukari ikizidi kwenye damu, kioo kile kinavimba, na kikivimba kinakuwa kama miwani ya kusomea. Mtu wa umri wako anaona karibu vizuri sana, na mbali anaona ukungu. Ukimeza dawa, sukari inashuka, kioo kinanywea, na karibu kunafifia. Ungevumilia wiki chache mpaka kitulie, ningekupimia miwani mipya ukaendelea kushona."

"Kwa hiyo yale hayakuwa macho yangu?"

"Ulikuwa ugonjwa wenyewe. Wakati kioo cha mbele kinakufurahisha, sukari ilikuwa inatoboa mishipa ya nyuma, na huko nyuma hakuumi."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Rupert aliuliza kama kuna mahali pa kumpeleka, Dar es Salaam au Moshi, hata kama ni kuuza nyumba. Daktari alisema kuna mashine ya kuchoma mishipa ile, lakini huchoma kabla haijapasuka. Kwa macho haya, alisema, asingemshauri mtu kuuza hata kuku.

Njiani kurudi Rupert aliisukuma baiskeli kimya, mke wake ameketi nyuma amemshika koti. Walipofika karibu na nyumbani alisimama.

"Kila asubuhi, Mama Jane?"

"Kila asubuhi."

"Hata siku zile nilizokuwa naugua malaria, nikaamka kukuletea?"

"Hata siku hizo."

Rupert hakumgombeza. Alivuta pumzi, akaendelea kusukuma. Theodosia angetoa chochote apigwe hata kofi moja, kuliko kusikia magurudumu yale yakizunguka bila neno.

Tangu siku ile alimeza dawa. Alifungua mdomo baada ya kumeza, akainua ulimi, ingawa Rupert hakumtaka afanye hivyo. Sukari ilishuka, mwili ukarudi, na wale wanawake waliomsifia kiuno wakaja kumpa pole. Alikaa kwenye kigoda nje ya mlango toka asubuhi, mikono mapajani, mikono ambayo kwa miezi mingi iliendelea kusogeasogea kama inavuta uzi. Gauni la Mwamvua lilimaliziwa na fundi mwingine. Walimwambia lilitoka zuri, naye akajua wanamdanganya au hawamdanganyi, na kwamba hataweza kutofautisha tena.

Kitu kimoja kilimkosesha raha kuliko giza lenyewe. Alimtumia Pankrasi salamu, mara ya kwanza, ya pili, aje wazungumze. Pankrasi alikuwa na kilimo, halafu alikuwa na mafundisho ya kipaimara. Alikuja mwishoni mwa mvua, saa sita ya mchana, akaegemeza baiskeli ukutani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa hapa. Karibu zaidi."

Alikaa, na kabla dada yake hajaanza, alitoa kitabu chake kidogo cha sala, chenye maandishi madogo kama sisimizi, akasema amemletea zaburi ya kumfariji. Akaanza kusoma. Theodosia alisikiliza. Sauti ilikwenda bila kujikwaa, bila kurudia neno, bila kile kisimamo kidogo cha mtu anayesogeza kitabu mbali na kukirudisha.

"Pankrasi. Umevaa miwani?"

"Miwani?" Alicheka kwa furaha kabisa. "Nimeiweka kando tangu Kwaresima, dada. Nasoma masomo yote mawili Jumapili, watu wanashangaa. Mungu amenitendea kama alivyokutendea wewe."

"Na vidonge?"

Pankrasi alifunga kitabu. "Si wewe uliyenifundisha?"

Theodosia alimtafuta kwa mikono, akamshika shingo, akamweleza. Kioo kinavimba. Mishipa inatoboka nyuma, hakuumi. Alirudia maneno ya daktari, akayarudia tena, akaapa kwa kaburi la mama yao. Alimwambia nitazame nilivyo. Sauti ilimpasuka, na bado alihisi shingo ya mdogo wake ikikaza chini ya vidole vyake kama mtu anayevumilia kelele za mgonjwa.

"Dada," Pankrasi alisema taratibu, akiitoa mikono ile, "usikasirike. Wewe miaka yote uliyoacha dawa ulikuwa unaona. Umerudi hospitali, umemeza, na sasa huoni. Mimi nafuata niliyoyaona."

"Kwanza niliacha kuona, ndipo nikarudi kumeza!"

"Sawa, dada."

"Pankrasi, nakuomba. Tazama barabarani. Nani anakuja?"

Pankrasi aligeuka. Alitazama kwa muda.

"Kuna mtu na baiskeli, kule kwenye kona. Ukungu umeficha uso. Mwaka huu ukungu umechelewa kuondoka."

Jua lilikuwa linamchoma Theodosia magotini na usoni. Baiskeli ilikaribia, na sauti ya Rupert ikaita ikiwa na kicheko, sauti ambayo hakuwa ameitumia siku nyingi.

"Shemeji! Nimekupungia mkono tangu kule chini mpaka nimechoka, hata kuniitikia? Ukatekista umekupanda kichwani?"

"Ni ukungu huu, shemeji," alijibu Pankrasi, akacheka naye.

Rupert hakucheka tena. Alisimama na baiskeli yake katikati ya jua lile kali, akamtazama shemeji yake, akamtazama mke wake aliyekuwa amefunika uso kwa viganja. Pankrasi alilamba kidole, akafungua ukurasa, akauliza walikuwa wamefika mstari gani.